Mtani Wangu wa Gulwe

Siku tuliyomzika, nilikuwa nimevaa koti lake, kofia yake ya pama na viatu vyake, ambavyo vilinipwaya. Fimbo yake nilikuwa nimeiazima kwa mjane. Wageni waliotoka Dar es Salaam walinitazama kana kwamba nimetoroka wodini. Wenyeji wa Gulwe hawakushangaa hata kidogo. Walinisogezea nafasi karibu na kaburi ili nifanye kazi iliyonileta.

Mimi ni Mnyamwezi wa Makole, pale Dodoma mjini. Babu wa babu yangu alipita nchi hii akiwa mpagazi wa msafara, pembe ya ndovu begani, akakaa kupumzisha miguu na hakuinuka tena. Alioa, akafungua kibanda cha chumvi na shanga, akazaa watu wa mjini ambao leo wanaswali, wanauza madukani na hawawezi kubeba hata ndoo ya maji. Wagogo ndio wenye nchi. Zamani walikuwa wakiisimamisha misafara kwenye visima vyao na kuitoza ushuru wa maji kabla haijaendelea. Hapo ndipo ulipotoka utani wetu. Mnyamwezi na Mgogo wanatukanana mchana kweupe, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Utani huo una kazi yake msibani. Mtani anakuja kuwachekesha wafiwa. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea, anazuia jeneza, anadai ushuru, akiwa na moyo anajilaza kaburini mpaka abembelezwe kutoka. Wafiwa wamepewa kazi ya kulia na mtani amepewa kazi ya kucheka, na kila mtu anabaki kwenye kazi yake. Mtani akilia ameharibu msiba.

Sasa nieleze nilivyompata huyu wangu. Biashara ilipofunguliwa, na mitumba ikaanza kuingia kwa marobota hadharani, niliacha ukarani katika ofisi moja ambayo mshahara wake ulikuwa ukifika umeshachoka. Nikawa nauza mitumba minadani. Siku za mnada wa Gulwe nilipanda treni na robota langu, daraja la tatu, nikashuka pale stesheni na kutandika turubai kati ya wauza mbuzi na wauza sufuria. Nilikuwa na mdomo. Wenzangu walisema nauza kwa mdomo kuliko kwa nguo, nami sikuwabishia kwa sababu nguo zenyewe nilizijua.

Alikuja mzee mrefu, mwembamba, ndewe za masikio zimetogwa na kuvutwa kwa mtindo wa Kigogo. Kila aliyempita alimwamkia kwa kuinama. Shikamoo zilimjia kutoka kulia na kushoto, naye alizijibu marahaba, marahaba, kwa sauti ya mtu anayepokea mizigo asiyokuwa na pa kuiweka. Nikafungua mdomo niamkie na mimi. Akaniwahi.

"Binti, wewe mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi wa Makole."

Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Kisha akasema, "Mpagazi. Babu yako alibeba pembe, wewe unabeba suruali za Wazungu. Mzigo haujawahi kuwatoka begani."

Damu ikanichemka kwa furaha. "Na ninyi mpo palepale njiani," nikamjibu, "mmekalia kisima, mnasubiri mpita njia mumtoze ushuru. Una kiu, mzee, au umekuja kuniuzia maji?"

Mnada mzima ulicheka. Yeye alicheka kuliko wote, mpaka akashika goti. Toka siku ile sikumpa shikamoo hata moja, naye hakunidai.

Siku hiyohiyo nilimuuzia koti. Lilikuwa koti zito la sufu, rangi ya damu ya mzee, lenye ukosi wa manyoya na vifungo upande wa kushoto. Lilikuwa koti la kike, la kike kabisa, limebanwa kiunoni. Nilikuwa nimelibeba minada mitatu na hakuna aliyeligusa. Nikamwambia ni koti la majenerali wa nchi za baridi. Akapapasa manyoya, akasema jenerali huyo alikuwa na shingo laini, akalivaa, akalipa bila kubishana. Nilifunga robota mapema, nikapanda treni kama mwizi wa kuku.

Mnada uliofuata nilimwona anatokea mbali, juani, ndani ya koti. Alilivaa kanisani. Alilivaa kwenye harusi. Mwezi wa kumi, ardhi ya Gulwe ikiwa imepasuka na mbuzi wakitafuta kivuli chini ya matumbo ya ng'ombe, alilivaa na kufunga vifungo vyote. Niliamini kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia, maana walimheshimu mno. Siri hiyo niliibeba miaka mingi, na kila nilipomwona ilinitekenya mbavu.

Wenyeji wa pale walimpenda kwa jambo moja juu ya yote: alivyosuluhisha. Watu waliogombania mpaka wa shamba, au mahari, au mbuzi aliyekula mtama wa jirani, walikwenda barazani kwake. Aliwakalisha, akawaambia waseme, na kabla hawajamaliza sentensi ya tatu alikuwa amelala, kidevu kimezama kwenye manyoya. Kwa heshima walishusha sauti wasimwamshe. Nilishuhudia mwenyewe siku moja, nikisubiri treni iliyochelewa. Wanaume wawili walifika wameshikana mashati. Mzee akasinzia. Ikabidi watukanane kwa kunong'ona, na jaribu wewe kumtukana mtu kwa kunong'ona uone kama inatoka. Mwisho walikuwa wameinamiana, vichwa vinagusana, wanaulizana habari za watoto. Mzee akaamka, akauliza, "Mmefikia wapi?" Walikuwa wamemaliza.

Walipoondoka nilimwambia, "Hukuwa umelala wewe."

"Mgogo akilala anakoroma," akasema. "Umesikia mkoromo?"

Treni ikichelewa, mkewe alinipa uji wa uwele na ugali kwa mlenda, na mimi niliusema mlenda wao vibaya huku nikiumaliza. Robota langu lililala kwenye nyumba yao ya tembe mnada hadi mnada na hakikupotea hata kifungo.

Halafu mama yangu akafa. Sikumwarifu mtu wa Gulwe, lakini habari za stesheni hazina mwenyewe. Asubuhi ya maziko alitokea Makole na koti lake, jogoo kwapani. Wanaume walipoinua jeneza kwenda makaburini, alijilaza kizingitini, miguu ndani, kichwa nje.

"Hapiti mtu," akasema. "Huyu bibi amekunywa maji ya nchi yetu tangu azaliwe. Nani atalipa?"

Mjomba wangu, mtu mkali wa dini, alisimama na jeneza begani hajui aruke au aombe. Ilibidi mzee apewe kikombe cha kahawa na kipande cha halua. Akanywa na kula palepale chini, akalalamika kwamba halua ya Wanyamwezi ni ya kunusa, ndipo akasogeza miguu. Nilicheka. Nilikuwa sijala siku mbili, na jioni ile nilikula wali kwa sababu alikaa mbele yangu akihesabu matonge na kusema kila tonge ni ushuru.

Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba, anajipangusa macho kwa ukosi wa koti.

"Mtani halii," nikamwambia.

"Manyoya yanawasha," akasema.

Nilimpenda sana tangu hapo. Ninaandika hivyo hivyo, maana sikuwahi kumwambia. Nilimwambia tu kwamba ana miguu kama nguzo za simu.

Mwaka mmoja, tukiwa barazani kwake wawili tu, aliniuliza, "Siku yangu utakuja?"

"Nitakuja kuhakikisha wamechimba pa kutosha miguu hiyo."

"Sitanii." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo. "Uje uvae koti hili. Uwachekeshe. Mwanangu mkubwa atakukataza, anapenda mambo ya mpangilio. Usimsikilize. Uape."

Nikaapa. Kuapa kulikuwa rahisi. Alikuwa hai, anapuliza uji.

Habari zilinikuta Kibaigwa. Wakati huo nilikuwa nimehamia kwenye mahindi, na nilikuwa nimesimama juu ya magunia nabishana na dalali. Dereva wa lori lililotoka Mpwapwa akanisimulia kama habari ya kawaida: yule mzee wa Gulwe, mwenye koti, amefariki. Dalali aliendelea kubishana peke yake. Nilipanda lori hadi Mbande, nikaunganisha magari mpaka Gulwe, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kuchekesha. Sikupata hata moja. Mimi, niliyewahi kumuuzia mchungaji kofia ya kuogelea, nilikuwa mtupu.

Mwanawe mkubwa alinipokea kwa adabu. Alikuwa mtu wa ofisi huko Dar es Salaam, na hata pale uani kwa baba yake hakuuacha mkoba wake wa ngozi. Alinionyesha karatasi iliyopigwa chapa.

"Dada yangu, tuna ratiba," akasema. "Baba alikuwa mtu mkubwa. Wapo wageni wa heshima. Nimeambiwa ninyi mna utani wenu, lakini hapa, kama unavyoona, hakuna kipengele cha utani."

"Nimeona," nikamwambia.

"Nashukuru kwa kunielewa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane. Alikuwa amekaa mkekani, macho mekundu. Aliingia ndani, akarudi na koti, kofia, viatu na fimbo, akanikabidhi kama anayempa fundi vifaa vyake.

Kwa hiyo nikasimama kaburini nikiwa nimevaa. Niliwaona watu wakinisubiri. Mwanawe aliniona pia, akageuza uso na kukazana kuitazama ratiba yake. Nilipanga nianze mara tu wasifu wa marehemu utakapokwisha kusomwa: niinue fimbo, nilizuie jeneza, niseme lolote. Koti lilikuwa na harufu yake, moshi na ugoro. Nikajua kwamba nikifungua kinywa itatoka kwikwi, mbele ya kijiji kizima, na kiapo changu kitakuwa kimekwenda na maji.

Mwinjilisti akasimama na bahasha. Alisema marehemu aliandika wasifu wake mwenyewe, akaufunga, na akamwapisha mwanawe kwamba ataufungua kaburini na kuusoma wote, neno kwa neno. Mwanawe akaichana bahasha, akaanza kusoma kwa sauti ya tangazo la kazi.

"Mimi nilizaliwa upande wa Tabora. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, kibarua wa reli."

Akausoma tena mstari ule kimoyomoyo. Tuliona midomo yake. Mbuzi mmoja alilia huko nyuma. Bibi mmoja, jirani yao wa miaka yote, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akasema, "Soma, mwanangu. Uliapa."

Akasoma. "Alihamishiwa hapa kutengeneza njia ya treni. Mama akafa, naye baba akafa kwa homa kabla sijajua kusema jina langu. Mgogo jirani alinichukua, akanipa maziwa, akanipa ukoo wake, akanipeleka jando pamoja na wanawe. Walionijua wote wametangulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikusema. Nimekuwa Mgogo tangu hapo na sijuti hata siku moja. Lakini mtu akizikwa ni vizuri watu wamjue wanayemzika.

"Najua kwamba hapo amesimama mwanamke wa Makole, amevaa koti langu. Mwambieni alivue. Yeye si mtani wangu, hajawahi kuwa mtani wangu. Ni ndugu yangu. Siku ya kwanza pale mnadani nilitaka kumwambia. Lakini ningemwambia, angenipa shikamoo kama wengine, na shikamoo nilikuwa nazo za kutosha. Sikuwa na mtu wa kunitukana.

"Siku ya msiba wa mama yake nilipaswa kukaa mkekani nilie naye. Nilijilaza mlangoni ili ale. Nilitimiza kazi isiyokuwa yangu, na najua ilivyo nzito. Kwa hiyo asiifanye yeye. Akae chini alie. Nimemwapisha aje ili tu awepo.

"Na koti ni la kike. Nilijua siku ileile, mke wangu aliniambia kabla sijafika mlangoni. Lina joto."

Nilisimama pale nimevaa koti la kike mbele ya watu mia kadhaa. Sijui nilikuwa na sura gani. Nilikuwa nimemcheka miaka yote kwa siri, na muda wote huo alikuwa akinitembeza juani, kifungo kwa kifungo, akisubiri nimwambie. Hasira ilinipanda, halafu hasira ikakosa pa kushika.

Ilichukua muda kidogo kwa kijiji kupiga hesabu. Kama marehemu ni Mnyamwezi, basi mimi ni mfiwa. Na wao, Wagogo wote wa Gulwe, waliolia tangu juzi mpaka sauti zikakauka, ndio watani wake. Walikuwa kwenye kazi isiyo yao. Nilimwona yule bibi jirani akiifikia hesabu hiyo. Alifuta machozi kwa kiganja, akafunga kanga kiunoni, akanijia.

"Lete koti," akasema. "Na kofia na fimbo. Wewe kaa chini ulie, mpagazi."

Akanivua kama mtoto. Alipolivaa koti lilimkaa kiunoni barabara, kama lilishonwa kwa ajili yake. Akajigeuza watu walione. "Kumbe kweli la kwetu," akasema, na hapo kicheko cha kwanza kikatoka, kwa wazee kwanza, kisha kwa wote.

Alisimama mbele ya jeneza, fimbo imekinga njia. "Hapiti mtu. Huyu amekunywa maji yetu toka hajaota meno. Kumbe hakuwahi kulipia hata kata moja." Akamgeukia yule mwana mkubwa wa marehemu. "Na wewe mpagazi mwingine, ndiyo maana mkoba haukutoki mkononi. Uweke chini. Umefika."

Mwanawe alitazama ratiba. Alitazama wageni wake wa heshima, ambao walikuwa wanacheka. Kisha akauweka mkoba chini, kwenye udongo, na mabega yake yakaanza kutikisika, sikuweza kujua kwa kicheko au kilio. Nadhani hata yeye hakujua.

Mimi nilikuwa mkekani, kando ya mjane. Alinishika mkono. "Nilikuwa najua tangu posa," akaninong'oneza. "Alinikataza kusema. Alikuwa anakuja nyumbani siku za mnada, anacheka peke yake mpaka chakula kinapoa."

Yule bibi akaletewa kigoda. Akaketi mbele ya kaburi, akajifunika ukosi wa manyoya hadi puani. "Haya," akasema, "semeni shida zenu." Na kidevu kikazama. Alikuwa mzee mwenyewe, alivyoinamisha shingo, alivyoachia fimbo ielemee goti. Mtu mmoja alianza kucheka, na mwingine akamkanya kwa kumgusa bega. Wakashusha sauti. Watu mia kadhaa wakashusha sauti kwa mazoea, wazee, vijana, wageni, mpaka ikawa minong'ono, mpaka hata minong'ono ikaisha.

Katika kimya hicho waliokuwa wameshika kamba wakamteremsha mzee, taratibu. Kazi yangu ilikuwa kulia, na nililia. Lakini nililia kwa sauti ya chini, kama wote pale, nisije nikamwamsha.